Tuliomlilia Mjomba Rajabu

Jirani yangu hapa Lindi mjini hukaanga ufuta kila mwisho wa juma, wa kutengenezea kashata. Harufu yake huanza kwa mbali, tamu kidogo, halafu hukolea ikaingia kwenye mapazia na kwenye nguo zilizoanikwa, mpaka mtu unahisi umeila. Nilikuwa nimesimama dirishani naivuta harufu hiyo simu ilipolia. Alikuwa mama, kutoka kijijini.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umekaa?”

“Nimekaa,” nilimdanganya.

“Mjomba wako Rajabu hatunaye. Wamenipigia asubuhi kutoka gerezani. Aliugua kifua, hakumaliza hata wiki.” Nilisikia jogoo akiwika nyuma yake. “Njoo, mwanangu. Nataka kumleta nyumbani, na huku wananikatalia.”

Hapo nilikaa kweli, chini, sakafuni.

Mimi ni mwalimu wa fasihi. Juma lile lile nilikuwa nimewafundisha vijana wa kidato cha tano tamthilia ya mtu mwenye kipaji na uchu wa kutawala, aliyeua ili apate kiti na akaendelea kuua ili asikipoteze. Niliwaandikia ubaoni sifa za shujaa wa tanzia: awe mtu wa kupigiwa mfano, awe na dosari iliyo ndani yake mwenyewe, dosari hiyo imwangushe, na anguko lake lituumize sisi tunaotazama. Binti mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono. “Mwalimu, huyu si muuaji tu? Shujaa vipi? Tumlilie yeye, na yule aliyeuawa aliliwe na nani?” Darasa likacheka, likaanza kubishana, na mimi niliyezoea kulijibu swali la namna hiyo bila kufikiri nikairudisha chaki mezani. Niliwaambia tutaendelea kipindi kijacho. Sikuweza kuwaambia kwamba swali lile liliingia nyumbani kwetu kabla sijajua maana ya neno tanzia, na kwamba hadi leo halijatoka.

Kijiji chetu kiko ndani kidogo ukitokea Somanga, upande wa vilima, ambako watu wanalima ufuta, mihogo na mikorosho, na wazee wakikasirika huacha Kiswahili wakasema Kimatumbi. Mjomba Rajabu alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja, na huku kwetu mjomba si wa kuja kusalimia na kuondoka. Watoto wa dada yake ni wake. Baba yangu alifariki nikiwa sijaota meno, kwa hiyo mwanamume niliyemjua ni Mjomba. Ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza, amenibeba mabegani ili viatu vyangu vipya visiingie tope. Aliniita “mjomba”, nami nikimwita “mjomba”, kama ilivyo desturi, na watu walicheka kutusikia tukiitana njia nzima.

Alikuwa mrefu, na sauti yake ilijaza uwanja bila yeye kuipaza. Koo mbili zilipogombania mpaka wa mikorosho hadi mapanga yakatoka, yeye ndiye aliyewachukua mpaka shambani, akakaa nao chini mpaka jua likazama, na wakarudi wakitaniana. Mke wa fundi baiskeli aliposhindwa kujifungua wakati wa mvua, Mjomba alimpakia kwenye baiskeli akamsukuma mpaka barabara kubwa, akasimama katikati ya lami na mikono juu mpaka lori likasimama. Mtoto yule aliitwa Rajabu. Alijua majina ya watu wote, na ya watoto wao, na nani ana mbuzi mgonjwa. Jioni alikuja kula kwetu, na baada ya kula alikuwa akichora chini kwa kijiti: hapa zahanati, hapa daraja, hapa madarasa ya sekondari. Nilikuwa naruka ile michoro kwa uangalifu nisije nikaifuta, maana niliamini ipo tayari chini ya udongo, na yeye anatuonyesha tu.

Lakini kulikuwa na njaa ndani yake ambayo ugali haukuiweza. Alikuwa amefaulu kwenda sekondari, wa kwanza katika kijiji kizima, na mwezi ule ule babu akafa, akashika jembe. Hakulisema hilo. Ila vijana wenye sare za sekondari walipopita, alikuwa akiacha kuzungumza mpaka wapite.

Aliyemshika mkono wakati ule alikuwa Mzee Shaibu, mwenyekiti wa kijiji. Mzee Shaibu na mkewe Bi Somoe hawakujaliwa mtoto. Walimchukua Rajabu akiwa na umri wa kubalehe, wakamlaza chumba cha uani, akala sahani moja na mwenye nyumba. Mzee alikuwa mfupi, mtaratibu, mwenye kucheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza. Sisi watoto tulimfuata kwa sababu mifukoni mwake hamkukosa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayolika kama viazi, iliyoshika nyuzi za koti. Kila mkutano alimtanguliza Rajabu aseme, yeye akakaa nyuma akitikisa kichwa kwa fahari, kama baba anayemsikia mwanawe akisoma maulidi. Na kijiji kizima kilijua ahadi yake, kwa kuwa aliisema hadharani: akimaliza kipindi kile, kiti ni cha Rajabu.

Kipindi kikaisha. Ijumaa moja, baada ya swala, wazee wakamzunguka Mzee Shaibu mlangoni mwa msikiti. Wakamwambia Rajabu bado damu inachemka, wakamwomba awashikie mara moja tu zaidi. Mzee Shaibu hakuwahi kumkatalia mtu kitu. Akakubali.

Mjomba alikuja kwetu mchana ule, si jioni kama kawaida yake. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, ameshika taya kwa mkono mmoja, anatazama chini. Mimi nikajua moja kwa moja: jino. Nilikimbia ndani nikachukua karafuu kwenye kopo la mama nikampelekea.

Aliitazama karafuu ile mkononi mwangu muda mrefu. Kisha akaitia kinywani.

“Ahsante, mjomba,” alisema. “Hili jino lina mizizi mirefu.”

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kukolea. Wakati ule mto wetu haukuwa na daraja. Kulikuwa na vivuko viwili, cha juu chenye miamba na cha chini kwenye kona, na wakati wa mvua hata wakubwa walivuka wameshikana. Siku chache baada ya ile Ijumaa, Mzee Shaibu na Mjomba waliitwa kwenye mkutano wa kata ng'ambo. Waliondoka asubuhi wawili, wanazungumza, Mzee amekunja suruali mpaka magotini. Alasiri akarudi mmoja.

Nilimwona mimi kabla ya watu wengine, kwa sababu nilikuwa njiani naokota kuni. Alikuja amelowa, kiatu kimoja, mdomo wazi. Alinipita kama hanijui. Alipofika uwanjani alianguka kifudifudi akapiga yowe ambalo sijalisikia tena kwa mtu mzima. “Mto umemchukua baba!” alilia. “Mto umemchukua baba yangu!” Hakuwahi kumwita Mzee Shaibu baba mbele ya watu. Wanawake wakaitika kwa vilio, wanaume wakakimbilia mtoni na kamba na miti. Maiti waliipata kesho yake, imenasa kwenye matete.

Katika msiba ule hakuna aliyelia kama Mjomba. Aliosha, alibeba, aliingia kaburini mwenyewe kumpokea na kumlaza, na alipotoka watu walimshika ubavuni. Bi Somoe, ndani ya kanga zake za ujane, alituma mtu akamwambie ale, ajionee huruma. Shuleni niliwasimulia wenzangu kwamba mjomba wangu alipigana na mto. Niliwaonyesha kwa mikono jinsi mto ulivyompiga na yeye alivyourudishia. Niliongeza mamba.

Uchaguzi ulipofika hakukuwa na mtu wa kusimama naye. Mjomba akawa mwenyekiti. Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, cha kijani, mguu mmoja umefungwa waya, ndani ya ofisi yenye dirisha lisilo na kioo. Nilikwenda kumwona amekaa pale. Alinipakata, lakini nilihisi magoti yake yakitetemeka, nikadhani ni furaha.

Alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Daraja lilijengwa kabla ya masika mengine, la magogo na mawe, na kila mwanamume aliitwa kwa zamu. Yeye alisimamia akiwa ukingoni. Hakutia mguu majini hata mara moja. Niliona hilo nikajiambia maji yalimtia ugonjwa. Msingi wa zahanati ukachimbwa. Ila yule mtu aliyekaa chini na wagomvi mpaka wakacheka hatukumwona tena. Sasa aliyechelewa kazini alifungiwa ofisini kutwa. Vijana wawili waliocheka mkutanoni walilazimishwa kusema wamecheka nini. Alimpelekea Bi Somoe mahindi, akamwezekea nyumba, lakini hakuvuka kizingiti chake. Alikuwa akitua mzigo uani na kuondoka kabla ya kuitikiwa hodi. Nilidhani anaona haya kwa kuwa alishindwa kumwokoa. Kwetu aliendelea kuja, ila kijiti cha kuchorea hakukishika tena, na sahani aliiacha nusu.

Ng'ambo ya mto aliishi mchoma mkaa mmoja, Saidi, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Siku ile ya mafuriko alikuwa kwenye tanuri lake juu ya mlima, na kwa mbali aliwaona watu wawili wakielekea mtoni akawapungia. Basi. Hakuona zaidi. Lakini kila alipokutana na Mjomba alikuwa akipaza sauti, “Mwenyekiti! Siku ile mto ulikuwa mkali, eh? Nilikuona mie!” akicheka, kwa namna watu wanavyocheka jambo la hatari likishapita. Na kila mara niliona jasho likichimbuka juu ya mdomo wa Mjomba.

Siku ninayotaka kuisema, tulikuwa tumevuna ufuta. Mama alikuwa uani anapepeta, mimi niko jikoni nakaanga kidogo wa kutia kwenye mboga. Jiko letu lilikuwa la fito, bila udongo, kwa hiyo niliona na kusikia yote. Mjomba alikuja akakaa chini, mavumbini, karibu na miguu ya mama.

“Dada, usingizi umenihama.”

“Umechoka. Kazi zimekuzidi.”

“Si kazi.” Akaokota punje ya ufuta chini akaizungusha vidoleni. “Siku ile Mzee alitaka tupite kivuko cha juu. Maji kule yalikuwa ya magotini. Mimi nikamwambia cha chini ni karibu. Akaniamini. Alikuwa ananiamini kwa kila kitu, dada.”

Ungo ukasimama. “Rajabu, unasema nini?”

“Maji yalipomzidi alinishika mkono. Alinishika kwa mikono yake yote miwili. Nikamtoa.”

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Alimtoa! Basi kumbe alimtoa majini, mto ndio ukamrudia ukamnyang'anya, na muda wote huu Mjomba amekuwa mpole tu, hajitangazi. Nikakumbuka nilivyosimulia shuleni nikaona sikukosea sana.

“Umemtoa?” mama aliuliza, kama mtu ambaye hasikii vizuri.

“Nikamtoa, dada. Kidole kimoja kimoja.”

Habari ya vidole sikuielewa. Niliona tu ungo ukimtoka mama mikononi na ufuta wote ukimwagika, na mama hakuinama kuuokota.

“Kwa ajili ya kiti?”

“Kwa ajili ya kiti.” Hapo Mjomba alianza kulia, kimyakimya, mabega yakipanda na kushuka. “Nilikuwa nasema nikishakipata nitafanya mema mengi mpaka yalifunike. Nafanya, dada. Halifuniki. Na sasa huyu Saidi aliniona. Ananichekea kila siku. Na huyu itabidi nimalizane naye, kabla hajasema.”

Kwa ufahamu wangu, watu waliogombana humalizana kwa mazungumzo. Nikafurahi tena: Mjomba atakaa chini na Saidi kama zamani alivyokaa na wale wa mikorosho.

“Saidi ana watoto wadogo, Rajabu,” mama alisema.

Mjomba aligeuza uso akatazama upande wa mto.

Mama alimtazama kwa muda. Kisha aliingia ndani akampakulia ugali, akaketi mbele yake kumwangalia akila. Siku hiyo alimaliza sahani. Alipoondoka alikuwa mwepesi, hata alinivuta sikio kwa utani. Ufuta wangu ulikuwa umeungua mweusi, jiko zima linanuka, nami nikajikunyata nikingoja kelele. Mama aliuchukua mwiko mkononi mwangu akauweka chini.

Asubuhi alivaa buibui lake. Alivuka daraja kwanza, akamwambia Saidi achukue mke na watoto aende Tingi kwa wakweze, asiulize kwa nini. Kisha akatembea mpaka barabarani, akapanda basi la Kilwa Masoko.

Polisi walifika siku ya pili, mama amekaa ndani ya gari lao. Sijui nani alitangulia kusema, lakini kabla gari halijasimama watu walikuwa wamekwisha jaa mbele ya ofisi, wengine na marungu, wengine na mapanga ya shambani. “Mwenyekiti haendi popote!” walipiga kelele. “Nani amemsingizia?” Mtu akaonyesha kidole ndani ya gari. “Dada yake! Dada yake wa damu!” Mzee Hassani, mkubwa wa ukoo wetu, alisogea mpaka kwenye dirisha akatema mate chini, akamwambia mama kwa Kimatumbi neno ambalo sitaliandika. Askari walikuwa wachache, na niliona mmoja wao akirudi nyuma.

Mjomba alitoka ofisini. Alisimama kizingitini akawatazama watu wale waliokuwa tayari kumfia, na nadhani kwa mara ya kwanza tangu siku ya mto, uso wake ulikuwa uso niliouzoea. Aliinua mkono. Kelele zikakoma.

“Wekeni chini hayo,” alisema. “Dada yangu hajawahi kusema uongo. Hata leo hajasema.”

Hakuna aliyesogea. Alishuka ngazi, na watu wakampisha. Macho yake yalimtafuta Bi Somoe, akamwona mlangoni kwake, kanga ameishika mdomoni. Alipiga hatua mbili kumwendea, akasita, akageuka akaenda zake kwenye gari na kunyoosha mikono mwenyewe. Nilimkimbilia nikashika shati lake. Nililia kwamba si yeye, kwamba yeye alimtoa Mzee, nilimsikia mwenyewe akisema.

Aliinama. “Rudi kwa mama yako, mjomba,” aliniambia. “Usimwache peke yake.”

Lakini nilimwacha peke yake, kwa namna watoto wanavyoweza kumwacha mtu wakiwa nyumba moja naye. Mahakamani Mjomba alikiri. Kifungo kilikuwa cha maisha. Kijijini watu hawakumsamehe mama hata hivyo. Alipofika kisimani wanawake walijitwika ndoo zao, hata zilizokuwa nusu. Ukoo ulisema damu haiuzwi. Kama Rajabu alikosa, wangelimaliza wenyewe, ndani kwa ndani. Nami nikaamini kwamba mama alikuwa anamwonea wivu ndugu yake. Kila sikukuu alifunga chakula kwenye kikapu akasafiri kwenda kumwona gerezani, akarudi siku ya pili miguu imevimba. Sikumuuliza wamezungumza nini.

Nilikuwa sekondari, nimerudi likizo, ndipo nilipomtupia neno nililolibeba miaka yote ile. Tulikuwa tunapalilia. “Lakini mama, si alimtoa? Nilimsikia mimi.”

Mama aliegemea jembe. Ilimchukua muda kuelewa nauliza nini. “Masikini mwanangu,” alisema. “Muda wote huo?” Kisha akashika kiganja changu kwa nguvu, na kwa mkono wake wa pili akavibandua vidole vyake mwenyewe kutoka kwangu, kimoja baada ya kingine. “Alimtoa mkononi,” alisema. “Si majini.”

Niliketi kwenye tuta la mihogo nikalia, na sikujua namlilia nani. Mzee Shaibu na mikono yake miwili. Mjomba akiviona vile vidole, vilivyompakulia chakula tangu ujana, akivitoa. Mama akipanda basi. Walinijia wote kwa pamoja, na mpaka leo siwezi kuwatenganisha.

Basi nilifunga safari siku ile ile ya simu. Nilipofika nilikuta wazee wa ukoo wamekaa ukumbini kwetu, Mzee Hassani katikati yao, amekonda, na fimbo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka.

“Shikamooni.”

“Marahaba. Umekuja kutusaidia kusema na mama yako,” Mzee Hassani aliniambia. “Ukoo hauna maiti gerezani. Rajabu alituaibisha mpaka leo wajukuu wetu wanatupiwa maneno. Serikali ilimchukua, serikali imzike.”

Mama alimtazama. “Nilipompeleka polisi ulinitemea mate, ukasema ni damu yako. Leo damu imekuwa maji?”

“Wewe ndiye uliyemfunga! Kwa uso gani unamlilia?”

“Nilimfunga kwa sababu aliua, na alikuwa anakwenda kuua tena,” mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. “Namlilia kwa sababu nilimjua kabla hajaua. Nilimbeba mgongoni. Angekuwa nyoka tangu kuzaliwa nisingepoteza chozi. Alikuwa mtu, kaka Hassani. Alikuwa bora kuliko wewe na mimi, na akaitupa ile nafsi mtoni, na mimi niliona. Nisilie hilo, nilie nini?”

Mwishowe imamu wa msikiti wetu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisema Mwislamu huoshwa na kusaliwa, na hukumu yake ina mwenyewe. Mzee Hassani akasema basi, aulizwe Bi Somoe. Akikataa, hapana mjadala. Kijana akatumwa. Alirudi na jibu fupi: “Amesema mzikeni. Lakini si karibu na mume wake.”

Tukaenda kumchukua gerezani, tukamzika pembezoni kabisa mwa makaburi, penye mikorosho iliyojiotea. Waliokuja hawakujaza ua. Saidi alichimba kaburi na wanawe; alipoulizwa alisema tu kwamba udongo wa pale ni mgumu na yeye ana sululu nzuri. Mama alilia mchana kutwa, kwa sauti, bila kumwogopa mtu, kama wanavyolia wenye maiti ya heshima. Majirani waliokuwa wamebaki nyumbani kwao walimsikia.

Kesho yake asubuhi mama aliniambia nimsindikize kwa Bi Somoe kutoa shukrani. Hakuwa amepita mlango ule tangu Mjomba akamatwe. Tulimkuta uani, mzee sana sasa, macho yameingia ukungu, anachagua mbaazi kwenye ungo kwa kupapasa. Tulipiga hodi, tukaamkia. Alitukaribisha viti. Mama alikaa kwenye ncha ya kigoda.

“Nimekuja kukushukuru, Bi Somoe. Kwa kutuachia tumzike.”

“Ahsante ya nini? Ardhi si yangu.” Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe madogo kwenye mbaazi. “Nilikusikia jana ukilia. Ulilia vizuri.”

Mama aliivuta kanga yake kichwani.

“Alikuja kwangu na kikohozi na shati moja,” Bi Somoe alisema. “Nilimkanda kifua kwa mafuta ya ufuta mpaka kikohozi kikamtoka. Nilikuwa nikimwita mwanangu, hata mbele ya watu. Siku ile mlipomchukua nilisimama pale mlangoni, na wote walinitazama waone Bi Somoe anavyofurahi kupata haki yake.” Akatikisa kichwa. “Mimi nilifiwa mara mbili, Zainabu. Ya kwanza mlikuja wote, mkajaza ua huu, mkanishika mikono. Ya pili hakuja mtu. Nani aje? Aje anipe pole kwa ajili ya aliyemuua mume wangu?”

Kuku alipita katikati yetu akidonoa mbaazi zilizoanguka. Mama alishuka kutoka kwenye kigoda akakaa chini, akazichukua zile mbaazi mikononi mwa Bi Somoe akaziweka pembeni, kisha akaishika mikono ile.

“Pole, Bi Somoe,” alisema. “Pole kwa kufiwa na mwanao.”

“Nimeshapoa,” Bi Somoe alijibu, kama adabu inavyotaka. Halafu akainamisha kichwa chake begani kwa mama, akaanza kulia.